Harry Potter kitabu cha kwanza: wazazi tusome wenyewe kwanza

Jamani hiki kitabu cha hadithi ya Harry, mvulana anayesoma shule ya uchawi, kilitoka Uingereza 1997 na mpaka leo kuna wanaosema kinafundisha watoto uchawi, kule Alamogordo Marekani kanisa moja lilichoma vitabu vya Harry Potter mwaka 2001. Mi mlokole na nimekisoma chote kabla sijampa binti yangu, humo hakuna anayeita mapepo wala kutoa kafara, darasani wanapunga fimbo unyoya unapaa, basi. Kilichonigusa ni mama yake Harry aliyekufa akimkinga mwanae, yaani upendo wake ndo unakuja kumuunguza adui mikono. Ila kuna viumbe nusu mtu nusu farasi wanasoma nyota msituni, Biblia inakataza mambo hayo, hapo kaa na mtoto muongee. Nyota 4 kati ya 5, nunueni.