DBeaver kwa watu wa ripoti za uhasibu: mchoro mzuri, ila utafutaji ndio mali

Kama kazi yako ni kutoa ripoti kwenye programu ya uhasibu ambayo hukuiandika wewe basi unajua, SQL (lugha ya kuuliza databesi) sio tatizo, tatizo ni kujua ankara zimekaa tebo gani na zinaunganaje na leja, na ukimuuliza aliyewauzia programu anakuletea PDF ya toleo la kale au anakaa kimya kabisa.

Mimi hapo natumia DBeaver, programu ya kufungua na kuchungulia databesi, ile ya bure. Inasoma databesi za PostgreSQL, MySQL, SQL Server, SQLite na nyingine kibao, draiva (kile kipande cha kuunganisha na databesi) inajipakulia yenyewe, hiyo sehemu sina neno.

Watu wengi wanaisifia mchoro, ule unaoonyesha tebo kama maboksi na mistari inayoziunganisha. Ni kweli kwa Odoo, ambayo ni programu ya biashara na uhasibu, unapendeza, unaona account_move ndio hati, account_move_line ndio mistari ya debiti na krediti, zimeshikana kwa move_id, na mteja anakuja kwa partner_id kutoka res_partner. (Kwiri yako ya zamani, yaani amri ya SQL, ikilalamika account_invoice haipo, ni kwamba kuanzia toleo la 13 la Odoo ankara zilihamia account_move.) Ila usifungue mchoro wa skima nzima, yaani kundi zima la tebo, utaona utando wa buibui tu, fungua tebo moja uone jirani zake.

Sasa balaa liko hapa, mstari unachorwa pale tu ambapo uhusiano umetangazwa ndani ya databesi yenyewe, na programu kibao za uhasibu hazitangazi, uhusiano wote uko kwenye msimbo wa programu. Kuna moja niliifungua, jina naliacha, yakatoka maboksi matupu, mstari hata wa dawa hakuna.

Hapo ndio utafutaji unapolipa. Rudisha bakapu kwenye mashine ya majaribio, sio ile watu wanayofanyia kazi jamani, ingia kwenye programu kama karani wa kawaida, tengeneza ankara ya kiasi cha 7413.29 bila kodi, kwenye maelezo andika neno la ajabu kama ZUMARIDI88, iposti. Halafu rudi DBeaver utafute ndani ya data, na uweke tiki kwenye kutafuta namba maana bila hiyo kiasi hakionekani. Zitakuja tebo kadhaa: penye jumla ni kichwa cha ankara, penye bidhaa na idadi ni mistari yake, na pale kiasi kinapotokea mara mbili, debiti na krediti au chanya na hasi, hiyo ndio leja. Isipokuja kitu jaribu 741329, kuna programu zinahifadhi senti kama namba nzima.

Kisha linganisha rekodi hizo uone namba gani inajirudia kotekote, ndio kiungo chako. Angalia usidanganyike na namba ya ankara inayochapishwa kwenye karatasi, mara nyingi kiungo ni namba ya ndani, mfano kwenye programu ya SAP Business One, tebo za OINV (kichwa cha ankara) na INV1 (mistari yake) zinaungana kwa DocEntry, sio DocNum ambayo mtumiaji anaiona. Ukishakipata DBeaver inakuruhusu kukitangaza kama ufunguo bandia (virtual foreign key), unabaki kwenye mipangilio yako tu, databesi haiguswi, mimi hii ndio naipenda kuliko mchoro wenyewe.

Mabaya yapo. Ni ya Java kwa hiyo RAM inakula, na utafutaji kwenye databesi kubwa unaburuta, chagua skima moja au kundi la tebo unazozishuku usitafute kote. Na hata kwenye majaribio weka muunganisho uwe wa kusoma tu, kuna sehemu ya kutiki, maana gridi yake ukibofya seli unaweza kuhariri kiasi cha mtu bila hata kuandika kwiri.

Toleo la kulipia kwa kazi hii sijaona sababu ya kulinunua.