Lavenda au gazania kwa bustani kavu yenye jua kali?

Zote mbili ni maua ya kudumu na zote hustahimili ukame, ila hazifanyi kazi moja.

Lavenda asili yake ni ukanda wa Mediterania. Hukua kama kichaka, mara nyingi sentimita 60 hadi 90, na baada ya mwaka mmoja au miwili shina huanza kuwa gumu kama mti. Hapo ndipo wengi huiharibu. Pogoa kila maua yanapokwisha, lakini ishia kwenye sehemu yenye majani mabichi, kwa sababu ukikata hadi kwenye mti mkavu tawi hilo mara nyingi halichipui tena. Adui yake mkubwa si jua, ni maji yanayotuama. Udongo ukiwa mzito, changanya kokoto na upande kwenye tuta.

Gazania, ya kusini mwa Afrika, hutambaa chini. Geuza jani lake uone upande wa chini: mara nyingi ni mweupe, umejaa vinyweleo laini vinavyopunguza upotevu wa maji. Maua hujifunga usiku na siku za mawingu, kwa hiyo kivulini utaambulia majani tu. Hugawanywa kirahisi na huenea haraka; kule Australia imetoroka bustanini na kuwa gugu.

Kwa harufu na nyuki, mimi nachagua lavenda bila kusita. Kwa mteremko mtupu unaotaka kufunikwa, gazania. Yoyote utakayochukua, imwagilie vizuri msimu wa kwanza hadi mizizi ishike.