Gemu zilizoanguka zikainuliwa: CD ipi ununue, ipi uiache dukani

Mdogo wangu alipomaliza VETA nilimwahidi gemu. Akachagua Cyberpunk 2077, maana kila anayemtazama YouTube anasema siku hizi ni gemu kali, imesharekebishwa. Nikaenda Kariakoo, nikapata ya PS4 mtumba, kasha safi, CD mbili ndani, hakuna mkwaruzo. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii zamani ilisumbua, sasa hivi iko vizuri kabisa." Nikatoa elfu hamsini na tano, nikaondoka na furaha yangu.

Alipo mdogo wangu hakuna waifai. Mtandao ni ule wa kurusha kutoka kwenye simu, na bando likiisha limeisha. Aliingiza CD ya kwanza, ikaingia, ya pili, ikaingia, gemu ikafunguka. Dakika arobaini baadaye gari lilikuwa limezama nusu barabarani, watu wanatokea hewani, na mwisho ukaja ule ujumbe ambao kila mwenye PS4 anaujua, CE-34878-0, gemu ikajifunga. Akafungua tena, ikajifunga tena. Tiba ilikuwepo kweli, ila ilitaka apdeti, yaani marekebisho ya kuvuta mtandaoni, ya makumi ya GB. Tulipopiga hesabu ya mabando, fedha ilizidi bei ya CD yenyewe.

Nimesoma miongozo mingi ya "gemu zilizofufuka". Wote wanashindanisha picha, hadithi, urefu wa mchezo, na sijaona hata mmoja anayeuliza nini kimo ndani ya CD. Hapa kwetu hilo ndilo swali la kwanza. CD huchapwa kabla ya gemu kutoka, pamoja na makosa yake yote. Kampuni ikirekebisha baadaye, marekebisho yanakaa kwenye seva zao Ulaya au Marekani, hayaingii kwenye CD iliyokwisha kufika Dubai na kupandishwa meli kuja Dar. Muuzaji anayekwambia "imesharekebishwa" anakuuzia CD ya siku ya kwanza kwa sifa za mwaka wa tatu. Kwa hiyo mpangilio wangu unafuata kitu kimoja tu: ukishalipa, utavuta mzigo kiasi gani ndipo upate gemu inayosifiwa? Picha na hadithi mtajionea wenyewe.

Ya kwanza: No Man's Sky

Sifichi, Hello Games nawapenda. Ni kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, na mwaka 2016 walitukanwa mno. Sean Murray, kiongozi wao, alikuwa amezungumza kwenye mahojiano mengi kana kwamba wachezaji wangeweza kukutana humo angani. Gemu ilipotoka Agosti mwaka huo, siku ya kwanza tu watu wawili walifika sehemu moja kwenye sayari moja na hawakuonana. Sayari zilikuwepo, zaidi ya quintilioni 18, lakini nyingi zilifanana na kazi za kufanya zilikuwa chache. Watu walipeleka malalamiko hata kwa mamlaka ya matangazo ya Uingereza, ambayo baada ya uchunguzi iliona kampuni haikuvunja kanuni.

Hello Games wakanyamaza, wakafanya kazi. Apdeti ya NEXT ya Julai 2018 ilileta kucheza pamoja kwa kuonana ana kwa ana. Agosti 2019 ikaja Beyond. Zimefuata nyingine nyingi sana, na hakuna hata moja waliyoitoza fedha. Hapo ndipo waliponipata moyo. Kampuni nyingine ikikosea inakuuzia nyongeza kwa bei ya gemu mpya.

Lakini sababu ya kuiweka juu kabisa ni uzito. Sayari za gemu hii hazihifadhiwi moja moja kwenye diski, zinatengenezwa kwa kanuni za hesabu unapozifikia. Ndiyo maana ilipotoka ilikuwa kama GB 6 tu, wakati gemu kubwa za wakati ule zilikuwa zinakaribia au kupita GB 50. Imeongezeka tangu hapo, ila bado ni mzigo unaobebeka.

Ukiwa dukani, angalia kasha. Ya 2016 imeandikwa No Man's Sky peke yake. Ya 2019 ina neno Beyond mbele. Chukua hiyo ya pili hata kama wanaiuza ghali kidogo, maana ya 2016 bila apdeti ndiyo ile ile iliyotukanwa. Wenye Switch, mashine ya Nintendo, wana kadi ya 2022. Siku ya kwanza tafuta mtu mwenye faiba, mbebee mashine yako, vuta apdeti, rudi nyumbani, cheza peke yako bila mtandao miezi hata sita.

Ya pili: Cyberpunk 2077, lakini siyo hiyo waliyoniuzia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi mnapopigwa.

Gemu ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kwenye PS4 na Xbox One hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba tarehe 18 mwezi huohuo Sony waliitoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuwarudishia watu fedha. Ilirudi Juni 2021. Toleo la PS5 na Xbox mpya likaja Februari 2022. Septemba 2023 ndipo ilipotoka apdeti ya 2.0, iliyofumua na kushona upya mfumo wa ujuzi, polisi na mapigano, pamoja na nyongeza ya kulipia ya Phantom Liberty. Sifa zote mnazozisikia leo ni za hiyo 2.0.

Sasa hili nililijua kwa kuchelewa: 2.0 haikutolewa kwa PS4 wala Xbox One. Mashine hizo ziliachwa kwenye matoleo ya 1.6. Kwa hiyo hata kama ningenunua mabando yote ya mtaa, mdogo wangu asingepata gemu ile inayosifiwa. Angepata ile isiyojifunga kila saa, basi. Kwenye PS4, iache. Sitaki kusikia "lakini nimeiona bei rahisi". Bei ni rahisi kwa sababu hiyo.

Mwenye PS5 anaweza kutumia CD ya PS4, maana CD Projekt, walioitengeneza gemu hii, hawatozi fedha kwa kupandisha toleo. Lakini CD hiyo inabaki kuwa kama ufunguo tu. Gemu yenyewe ya PS5 unaivuta yote mtandaoni. Afadhali Ultimate Edition ya Desemba 2023, kasha linalouza gemu pamoja na Phantom Liberty, maana diski yake ina 2.0 tayari.

Mtego wa Ultimate Edition ya PS5 ni kwamba Phantom Liberty haimo kwenye diski. Imo kama kikaratasi chenye namba ya kuingiza, na namba hiyo hutumika mara moja. Ukinunua mtumba, aliyekutangulia ameshaitumia, na unalipa bei ya gemu mbili unapata moja. Dukani, kabla hujatoa fedha, fungua kasha na uulize kikaratasi kiko wapi. Hata kikiwa kipya hakijaguswa, namba inafuata eneo la akaunti yako. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony wanaruhusu kufungulia akaunti, kwa hiyo sisi tunajiandikisha kama watu wa Uingereza, Marekani, Afrika Kusini, Emirati. Gemu itacheza kwenye akaunti yoyote, lakini namba ya kasha la Ulaya itakataliwa na akaunti ya Marekani. Muulize muuzaji mzigo umetoka wapi. Akishindwa kukujibu, mwachie.

Mwenye Xbox Series X amependelewa: Ultimate Edition yake ina diski tatu na Phantom Liberty imo humo humo. Na mwenye Switch 2, mashine iliyotoka Juni 2025, amepata kilicho bora kuliko wote, kadi moja ya GB 64 yenye gemu na nyongeza yake. Kampuni zote zingefanya hivyo nisingeandika makala hii.

Ya tatu: GTA The Trilogy, toleo la 2021

San Andreas, moja ya GTA tatu zilizomo humu, hainihitaji mimi kuieleza. Wengi wetu tuliijulia kwenye vibanda vya PS2, unalipia dakika zako huku mtu nyuma anakuhesabia. Ndiyo maana Novemba 2021, zile tatu za zamani zilipotoka zikiwa zimepakwa rangi mpya, tuliumia kweli. Mvua ilikuwa mistari myeupe inayofunika kioo, sura za watu zimevimba kama za plastiki, maandishi ya mabango yamekosewa. Rockstar, wenye GTA, waliomba radhi hadharani ndani ya siku chache.

Marekebisho makubwa yalikuja Novemba 2024, miaka mitatu kamili, yakarudisha hata ule mwanga wa rangi ya chungwa wa Los Santos, mji wa San Andreas. Yote hayo hayamo kwenye CD ya 2021. Lakini nimeipa nafasi ya tatu kwa sababu, tofauti na Cyberpunk, mwenye PS4 naye aliyapata. Ukiwa na mahali pa kuvuta apdeti mara moja, nunua. Wa Switch wajue kuwa kadi yao haina kila kitu. Bila kuvuta mzigo hutacheza zote tatu.

Za bei ya chini

Assassin's Creed Unity ya 2014, ile ya sura zilizokosa ngozi zikabaki macho na meno, siku hizi inapatikana kwa bei ya nauli, na ukiiapdeti Paris yake inapendeza. Star Wars Battlefront II ya 2017, iliyozua ugomvi wa masanduku ya kulipia, ina hadithi ya mchezaji mmoja, ila raha yake iko mtandaoni. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Zile za kuziacha mezani hata wakikupunguzia

Anthem, nimeiona kwa macho yangu mwaka huu kwenye maduka mawili, imepangwa pamoja na nyingine. Ilitoka Februari 2019 na inahitaji seva kila dakika unayocheza. Mpango wa kuijenga upya ulifutwa Februari 2021, na Julai 2025 EA, kampuni iliyoitoa, wakatangaza kwamba seva zitazimwa tarehe 12 Januari 2026. Bila seva, CD haina kazi yoyote. Anayeiuza kwa mtoto wa watu bila kumwambia hilo anamwibia.

Concord ni hivyo hivyo. Ilitoka tarehe 23 Agosti 2024, Sony wakaizima tarehe 6 Septemba. Wiki mbili! Walionunua kwa njia rasmi walirudishiwa fedha, lakini CD zake zipo duniani, na kitu kilichokosa soko huko kina kawaida ya kuja kutafuta soko huku.

Fallout 76 bado iko hai, na tangu Aprili 2020 walipoongeza wahusika wa kuzungumza nao ndani ya gemu imekuwa gemu ya kueleweka. Ila haichezeki bila mtandao, na siku ilipotoka, Novemba 2018, apdeti yake ya kwanza kwenye PS4 ilikuwa zaidi ya GB 50, kubwa kuliko gemu yenyewe iliyokuwa kwenye CD. Kwa mwenye bando la simu hiyo siyo gemu, ni mkopo.

Redfall na Suicide Squad: Kill the Justice League mmeniuliza sana. Zote mbili zilianza zikidai mtandao muda wote, na zote mbili, kabla hazijaachwa, zilipewa apdeti ya kucheza bila mtandao. Ya kwanza Mei 2024, ya pili Desemba 2024. Apdeti hiyo nayo lazima uivute kwanza. Ukiweza, sawa, mradi usilipe zaidi ya bei ya mtumba wa kawaida.

Mchezo huu wa kuuza kasha lisilo na kitu haukuanza juzi. Tony Hawk's Pro Skater 5 ya Septemba 2015 ilikuwa na GB 4.6 kwenye CD, na apdeti ya siku ya kwanza ya GB 7.7. Bila mtandao uliweza kufanya mafunzo na kujenga uwanja wako, basi. Watu walilipa bei kamili.

Jinsi ya kujikinga dukani

Omba muuzaji awashe mashine yake, aikate mtandao, aingize CD mbele yako. Ikishaingia, simama juu ya gemu, bonyeza Options kwenye padi, nenda kwenye taarifa zake, soma namba ya toleo. Ikiwa 1.00, basi unanunua gemu ya siku ya kwanza, na bei iwe ya gemu iliyoanguka. Geuza kasha usome maandishi madogo ya nyuma. Kama inahitaji mtandao ili kucheza, wameandika hapo.

Wenye maduka nao nina neno nao. Nilimpigia yule kijana aliyeniuzia kesho yake, kwa heshima, nikamweleza. Akanijibu, "Dada yangu, mali ikishatoka dukani hairudi, hata risiti imeandikwa." Kweli imeandikwa. Lakini kwenye risiti hiyo hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba CD ni toleo la 1.00, kwamba gemu haitapata 2.0, kwamba itadai GB kadhaa kabla haijasimama. Simu wanaziandikia GB na RAM kwa kalamu nene kwenye boksi, hata mtumba. Kwenye kasha la gemu washindwe nini kuandika "inahitaji apdeti" na ukubwa wake? Ni dakika moja ya kazi, na mteja angeamua mwenyewe.

CD zile mbili ziko kwangu. Wawili wameshanitumia ujumbe wakitaka kuzinunua, mmoja wa Morogoro, mmoja wa Mombasa, na wote wana PS4. Nimewaambia hapana. Mdogo wangu namtafutia Beyond. Nimeiona moja mtaa wa pili kutoka pale pale, Jumamosi naenda na mashine kwenye begi.