Mifupa ya Koseti ya Kale: Nunua Ipi Kwanza?

Ukipata pateni, yaani karatasi ya kukatia kitambaa, ya koseti (vazi la kubana kiuno) ya miaka ya 1880, usikimbilie dukani kutafuta kitambaa. Anza na mifupa, yaani vile vijiti vinavyoikaza. Upana wa mfupa ndio unaoamua upana wa njia utakazoshona za kuupitishia, na njia zikishapita kwenye cherehani, kuzifumua ni kazi ya kutia uchungu.

Nafasi ya kwanza naipa mifupa ya plastiki inayoiga ya nyangumi, ile inayotengenezwa Ujerumani. Ile ya zamani haikuwa mifupa hata kidogo: ni mabamba ya kuchujia chakula yaliyomo mdomoni mwa nyangumi, ya asili moja na kucha zetu. Yalikuwa yakipata joto la mwili yanalainika na kufuata umbo la mvaaji, na plastiki hii ina tabia inayokaribiana sana na hiyo. Inakatwa kwa mkasi, na ikijipinda unainyoosha kwa pasi ya joto dogo huku umeifunika kitambaa. Kwa mfupa wa milimita 7, shona njia ya milimita 9 hivi. Bei yake ni ya juu, lakini ukiwa na fedha ya aina moja tu, iende hapa.

Ya pili ni chuma bapa. Hata ukinunua plastiki, ongeza vipande vinne vya chuma kwa mgongoni, kimoja kila upande wa matundu ya kamba. Bila hivyo, ukivuta kamba mgongo unakunjamana. Nunua vilivyokwisha kukatwa na kufunikwa ncha, kwa sababu ncha tupu itatoboa kitambaa.

Ya tatu itawashangaza wengi: kamba ya pamba. Kiwanda cha Symington, mjini Market Harborough, Uingereza, kiliuza koseti iitwayo Pretty Housemaid, ya bei nafuu kwa watumishi wa ndani, iliyokazwa kwa safu za kamba zilizoshonewa ndani ya kitambaa badala ya mifupa. Kwa hiyo asiye na fedha nyingi anaweza kushona kitu cha kale kweli kweli kwa kamba ya dukani. Kinachohitajika ni subira, maana safu ni nyingi.

Vifungio vya plastiki vya mafundi umeme, vile vipana vya milimita 8 au 9, nimeviweka nafasi ya nne. Vinafaa sana kwa koseti ya majaribio ya kitambaa cha merikani, na usiiruke hatua hiyo, kwani pateni za kale mara nyingi huwa za saizi moja na hazina nafasi ya mshono. Kata kichwa, lainisha ncha kwa moto.

Chuma cha msokoto kinapinda pande zote na ni kizuri kwa koseti za leo, ila kwa pateni ya 1880 si cha enzi yake.

Mwisho kabisa ni ule mkanda wa plastiki laini unaoshonewa moja kwa moja kwenye magauni ya harusi. Niliutumia kwenye koseti yangu ya kwanza. Siku ya pili ulikuwa umekunjika kiunoni na kunichoma ubavuni, nikafumua mishono yote. Gauni la harusi halibani kiuno kwa kamba. Koseti inabana.