Neti ya kuanikia dagaa kwa kukaushia vichezeo vya watoto

Neti ya duara yenye ghorofa kadhaa, inayofungwa kwa zipu ubavuni na kuning'inizwa kwa ndoano, huuzwa Kariakoo kwa ajili ya kuanikia dagaa, mboga na viungo. Mimi niliinunua kwa shilingi 18,000 kwa kazi nyingine kabisa, yaani kukausha vichezeo vya plastiki vya watoto baada ya kuvisafisha. Nimeitumia masika yote, na kwa kazi hiyo naiona bora kuliko taulo lililotandazwa sakafuni au beseni lenye matundu, ingawa ina kasoro ambazo mnunuzi anastahili kuzijua kabla ya kutoa fedha yake.

Kuosha vichezeo hakuna tabu kubwa: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo na mswaki laini vinatosha. Kampuni ya LEGO inashauri matofali yake ya plastiki ya kuchezea yaoshwe kwa mkono katika maji yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, na inakataza kuyatia katika mashine ya kufulia au ya kuoshea vyombo, kwa kuwa joto linaweza kuyaharibu. Tabu iko kwenye kukausha. Tofali la aina hiyo liko wazi upande wa chini, na ndani yake mna mirija midogo ambayo maji hunasa pembeni mwake. Ukililaza juu ya taulo, upande wa juu hukauka upesi huku kitone kilichojificha ndani kikibaki hadi kesho yake, hasa Dar es Salaam wakati wa mvua, hewa inapokuwa na unyevu mwingi na hata nguo hazikauki kwa siku moja. Vichezeo vikirudishwa kwenye ndoo yenye mfuniko vikiwa katika hali hiyo, harufu ya uvundo haichelewi.

Hapo ndipo neti inapoonyesha thamani yake. Hewa hupita juu, chini na pembeni, na maji yanayodondoka hayana mahali pa kutuama. Nimezoea kuyakung'uta matofali kwanza ndani ya taulo, kisha nayapanga upande wa wazi ukiangalia chini, tofali moja moja bila kulaliana, na kuitundika neti barazani palipo na upepo. Yakianikwa asubuhi, jioni hukuti hata tone la maji ndani ya mirija. Siku isiyo na upepo, feni ikiwashwa karibu nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Nasisitiza kivuli: jua kali la mchana hufifisha rangi, na plastiki inayoachwa juani mara kwa mara hugeuka manjano na kuanza kuvunjika kwa urahisi.

Vichezeo vya kuogea vinavyominywa na kurusha maji ni suala jingine, na hapo neti haiwezi kutenda miujiza. Utafiti wa taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag na chuo kikuu cha ETH Zurich, zote za Uswisi, pamoja na Chuo Kikuu cha Illinois cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta vichezeo vinne kati ya vitano vikitoa maji machafu vilipominywa, na ndani yake kulikuwa na utando wa bakteria na mara nyingi kuvu. Ukiviminya hadi tone la mwisho na kuvianika tundu likiwa chini, unapunguza tatizo, lakini kile ambacho tayari kinatoa uchafu mweusi kitupwe, kwa sababu mtoto hukitia mdomoni. Magari ya betri nayo hayaoshwi kwa kuzamishwa. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, betri zikiwa zimetolewa.

Sasa kasoro. Ghorofa hulegea katikati, hivyo matofali huteleza na kurundikana pale pale, na lile la chini hubaki bichi. Dawa yake ni kuweka machache katika kila ghorofa, jambo linalomaanisha kwamba ndoo nzima ya matofali haikauki kwa mkupuo mmoja. Kichwa cha zipu kimeanza kushika kutu, na kutu ikigusa plastiki nyeupe huacha doa. Tena, neti iliyokwisha kuanikiwa dagaa isitumike kwa vichezeo hata ikifuliwa vipi, kwani harufu ile haitoki.

Kwa mzazi mwenye vichezeo vingi vidogo, bei hiyo ni halali kabisa. Dukani, fungua na ufunge zipu yote, bonyeza kila ghorofa kwa kiganja uone inavyolegea, na uchague yenye matundu madogo kuliko kichezeo kidogo kabisa ulichonacho nyumbani.