Bia ya Sarah Hughes: nimeingia pabu yenye kiwanda chake uani, na nina la kuwajibu kuhusu "bia ya moto"

Haya, haya, haya! Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli yetu. Leo sina simu ya kuwaonesha, sina blenda, sina viatu. Leo nachambua bia. Bia pamoja na pabu, yaani baa ya Kiingereza, inayoiuza, maana ya hapa huwezi kuchambua kimoja ukaacha kingine, na kabla hatujaachana mtakuwa mmeona kwa nini. Kama hujafikisha miaka 18 hii si yako mdogo wangu, karudie ile ya blenda.

Wiki tatu sasa nachapwa kwenye komenti. Kisa nilisema kwa kupita tu kwamba bia za asili za Waingereza ni nzuri. Weee! "Kaka hao wanakunywa bia ya moto." "Imekufa hiyo, haina hata gesi." Mmoja kaandika rudi nyumbani unywe ya baridi upone. Nawaelewa kabisa. Sisi tumekulia kwenye baa ambayo mhudumu akikufikia swali lake la kwanza ni moja tu, baridi au moto? Na ukisema moto watu wanageuka kukuangalia, wanajua una kifua au una umri. Kwa hiyo nimeamua nisibishane kwa maneno. Nimepanda basi kutoka Wolverhampton, huku Uingereza, nimekuja na kamera, nimekuja na kipimajoto cha jikoni, hiki hapa mnakiona, kile cha kuchomeka kwenye nyama. Tutapima.

Hapa ni Sedgley, katikati ya Wolverhampton na Dudley. Eneo lote hili wanaliita Black Country. Ni nchi ya makaa ya mawe, chuma, minyororo. Nanga kubwa ya meli ya Titanic ilitengenezwa Netherton, hapo chini tu upande wa Dudley, ikatolewa kiwandani kwa gari lililovutwa na farasi 20. Sasa mtu akitoka kwenye tanuru la chuma kutwa nzima, mwili umekauka, alikuwa anakunywa nini? Alikuwa anakunywa maildi. Maildi ni bia nyeusi-nyeusi, haina uchungu mwingi, ina utamu wa kimea. Ndiyo tuliyoifuata.

Pabu yenyewe inaitwa Beacon Hotel. Ukisikia hoteli usitegemee mapokezi na funguo za vyumba. Hii ni pabu ya zama za Malkia Victoria. Ngoja nigeuze kamera... huko nyuma, lile jengo la matofali lililosimama kama mnara, mmeliona? Hicho ndicho kiwanda. Cha kupanda juu namna hiyo. Zamani hakukuwa na pampu za umeme, kwa hiyo maji ya moto na kimea vinaanzia juu, halafu kila hatua inashuka chini kwa uzito wake yenyewe, mpaka inafika chini imekuwa bia. Yaani mteremko umefanya kazi ya mashine. Kutoka kwenye ule mnara mpaka kwenye glasi yangu ni mwendo wa kuvuka ua.

Jina la kiwanda ni Sarah Hughes. Huyu ni mama wa watu, aliinunua pabu hii mwanzoni mwa miaka ya 1920 na akawa anapika bia yake hapa hapa. Mimi Mchaga, nimekulia kwenye nyumba ambayo bibi ndiye mwenye chungu, ndiye mwenye kauli ya lini pombe inywewe, kwa hiyo nilivyoona jina la mwanamke limeandikwa juu ya bia nilijisikia nyumbani kabla sijaonja. Kiwanda kilisimama miaka ya 1950. Mwaka 1987 mjukuu wake akakifufua, akarudisha bia ya bibi. Mjukuu huyo simjui lakini nampenda.

Basi tuingie. Nimeomba ruhusa ya kurekodi, nimeambiwa sawa ila nisiwarekodi watu nyuso. Kwa hiyo mtaona mikono na glasi.

Angalia hapa. Umeingia kwenye korido, sakafu ya vigae, unatafuta kaunta. Haipo! Ile kaunta ndefu ya kuegemea hakuna. Katikati kuna kijumba kidogo cha mbao na vioo, mhudumu yumo ndani, na kuzunguka kuna vidirisha. Unainama, unaagiza kupitia kidirisha. Vyumba vimezunguka hicho kijumba, na kila chumba kina watu wake na tabia zake. Nimechungulia kimoja wazee wanaongea kwa sauti za chini utadhani wapo kwenye kikao cha ukoo, nikasema nisiwasumbue. Na hapa hakuna bili ya kufuata mezani. Unaagiza, unalipa hapo hapo, unabeba mwenyewe.

Nimeagiza. Inaitwa Dark Ruby. Kilevi asilimia 6. Wengine wanaouza maildi siku hizi wanauza ya tatu na kitu, nyepesi, na hiyo ni tabia iliyokuja na vita kuu mbili, nafaka ilikuwa haba na kodi ikapanda, bia zikapunguzwa nguvu. Maildi ya zamani ilikuwa na nguvu, na hii ndiyo ya namna ile. Kwa hiyo taratibu.

Sasa tulieni, hapa ndipo nilipopataka.

Moja. Angalieni anavyoitoa. Ule ni mpini, sio bomba la kufungua. Anauvuta kwake, polepole, bia inapanda kutoka kwenye pipa lililoko sehemu ya chini. Anavuta tena. Hakuna gesi inayoisukuma, ni mkono wa mtu tu. Fundi mmoja wa makufuli, Joseph Bramah, alisajili hataza ya pampu ya namna hii mwaka 1797, na mpaka leo wanavuta. Imejaa, painti, mililita 568, zaidi kidogo ya ile chupa yetu ya nusu lita.

Mbili. Kipimajoto. Nachomeka... subirini... kumi na mbili. Someni wenyewe. 12! Nyuzi 12 ni ya moto hiyo? Maji ya mtoni Marangu asubuhi yanakubana meno na hatuyaiti ya moto. Bia hizi zinahifadhiwa kwenye nyuzi 11 mpaka 13, hapo ndipo mahali pake. Ukiishusha mpaka kwenye nyuzi 3 ulimi unakufa ganzi, unameza baridi, huonji kitu. Wale walioandika "bia ya moto", namba ndiyo hii, ipigeni skrini.

Tatu, taa. Nawasha taa ya simu nyuma ya glasi. Kwa juu juu ilikuwa nyeusi kama soda, si ndiyo? Ona sasa. Nyekundu! Nyekundu ya rozela, na haina hata tope. Kwenye bia nyingi za mapipa, uangavu huu unatokana na bondo la samaki. Watu wa Mwanza, bondo mnalijua kuliko mimi. Linatengenezwa dawa inayoshika hamira na kuizamisha chini ya pipa. Ndiyo maana wasiokula nyama wala samaki huku huwa wanauliza kwanza, na viwanda vingine vimeshaacha kulitumia.

Kwa nini izamishwe? Kwa sababu hamira ni hai. Wadau, hii ndiyo hoja yangu yote. Bia ya chupa tuliyoizoea imechujwa, imepashwa moto kuua kila kitu, halafu ikapulizwa gesi. Ukiifunga miezi sita utaikuta vile vile. Hii imeingizwa kwenye pipa hamira ikiwa bado inafanya kazi, na gesi kidogo unayoisikia ulimini imeizalisha yenyewe. Mnaosema imekufa mmegeuza mambo, iliyouawa ni ile ya kwenye friji zenu!

Mimi hili nililijua tangu mtoto, ila nilikuwa sijaliunganisha. Mbege. Unachemsha ndizi, unaziacha zichachuke siku kadhaa, unachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na msesewa ule mti mchungu kuipa ukali. Leo ni tamu, kesho imekomaa, keshokutwa inaanza kuwa chachu, na kila mlevi wa kijijini anajua yeye ni wa siku ya ngapi. Nani alishawahi kusafirisha mbege ya Kibosho ikafika Dar ikiwa ile ile? Hapa badala ya ulezi ni shayiri, badala ya msesewa ni maua ya hopsi, lakini sheria ni ile ile. Pipa likishafunguliwa hewa imeingia, una kama siku tatu za kuimaliza ikiwa nzuri. Pipa dogo la kawaida ni galoni 9, painti 72. Pabu isiyo na wateja haiwezi bia hii, itachachia ndani.

Na niseme ukweli, mwaka wangu wa kwanza nchi hii mimi ndiye nilikuwa naandika kama nyinyi. Niliingia pabu moja mjini, siitaji, nikapewa mwisho wa pipa. Siki tupu. Nikarudisha glasi kaunta, nikaambiwa ndivyo ilivyo. Nikaamini, miaka miwili sikugusa. Sio ndivyo ilivyo! Ikiwa siki imeharibika, rudisha, dai nyingine, ni haki yako. Nakasirika mpaka leo nikikumbuka ile miaka miwili.

Haya, kuonja. ...Mmh. Zabibu kavu. Halafu kama sukari guru iliyoungua kidogo pembeni. Kileo kinakuja nyuma, kinapasha kifua, hakigongi. Nilichoandika kwenye simu kabla ya kuanza ni nane kwa kumi, maana nilihofia utamu. Sasa glasi imekaa mezani dakika kumi na tano na ushee, nachomeka tena, nyuzi 15, na naapa imefunguka zaidi. Ile zabibu imekuwa tende. Nafuta nane. Tisa.

Washindani? Mnajua nawajali. Pale pale Netherton kuna Old Swan, watu wanaiita Ma Pardoe's, dari yake ni ya mabati ya rangi yenye picha ya bata maji, uzuri wake utakuumiza shingo kwa kuangalia juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 pabu za Uingereza zilizokuwa bado zinapika bia yao zilikuwa zimebaki nne: hiyo Old Swan, All Nations ya Madeley, Three Tuns ya Bishop's Castle, na Blue Anchor ya Helston huko Cornwall. Nne, nchi nzima! Makampuni makubwa yalikuwa yanasukuma bia ya gesi kila kona. Mwaka 1971 wanaume wanne wakaanzisha chama cha kuitetea bia hai, CAMRA, kikakua mpaka kikawatikisa wenye viwanda. Kwa dari Old Swan inashinda. Kwa glasi, leo mimi nabaki Sedgley.

Bei: noti ya pauni 10 imenitosha painti mbili. Juzi London painti moja ya bia ya gesi nimelipa pauni 7 na chenji, sina hamu ya kulizungumzia.

Chakula usitegemee nyama choma. Ni mkate wa duara wenye jibini na kitunguu kibichi, wenyewe wanauita kobu, na unakwenda na bia hii vizuri ajabu, ule ukali wa kitunguu unakata utamu. Pabu za huku pia wanauza ngozi ya kitimoto iliyokaangwa ikakauka, kwa wanaokula.

Ninachokipunguzia alama? Kidirisha. Ni kizuri kwenye kamera, lakini mimi ni mrefu, na saa hizi watu wamejaa foleni imeziba korido, mwenye glasi mbili mkononi hana pa kupita. Hata hivyo wakivunja kile kijumba waweke kaunta mimi nitaandamana.

Tangazo fupi: tumefika watu elfu ishirini, asanteni sana, na maikrofoni mpya mnayoisikia ni michango yenu. Mwezi ujao nikijaliwa naenda Helston, Blue Anchor, ni safari ya kulala njiani. Walioniomba simu za bei nafuu zinakuja Jumanne, sijasahau. Kama wewe ni mpishi wa mbege, wa ulanzi au wa busaa, nataka usikilize swali hili na unijibu kwenye komenti: chombo chako unakitunzaje bia isichachie kabla ya siku yake? Nitasoma zote.

Betri inaniambia asilimia nne. Foleni imepungua, kidirisha kimefunguliwa, mzee wa mbele yangu ameshachukua yake. Nainama hapa... "Nusu painti ya Ruby, tafadhali." Nusu tu, basi langu ni saa mbili kasorobo.