Hita ya chumba cha besimenti (chini ya nyumba): ipi ya kununua

Hita za kuchomeka kwenye soketi zinazouzwa Marekani na Kanada karibu zote zinaishia wati 1,500. Ya dola 30 na ya dola 150 zinatoa joto lile lile, kama BTU 5,100 (kipimo cha joto) kwa saa, hata boksi liseme inapasha nyumba nzima. Unacholipia ni utulivu, usalama wa usiku na namna joto linavyokufikia.

Kabla ya kwenda dukani, fungua boksi la breka. Wati 1,500 kwenye volti 120 ni ampea 12.5. Breka za vyumbani mara nyingi ni za ampea 15, na mzigo unaokaa saa tatu au zaidi haufai kuzidi asilimia 80 yake, yaani ampea 12. Kwa hiyo hita peke yake imeshavuka. Ukiongeza mashine ya kukausha unyevu kwenye laini hiyo hiyo, breka inaruka usiku wa manane, na pengine boksi lenyewe liko kwenye chumba ambacho mwenye nyumba amekifunga. Nunua hita yenye ngazi ya chini ya wati 900 hivi, na uitumie.

Ya kwanza kwa mpangaji ni hita ya mafuta, ile yenye mapezi kama redieta ya gari. Mafuta yake yamefungwa ndani. Hayaungui wala hayaongezwi. Inachukua kama nusu saa kukolea, lakini haina kelele, na themostati (kidhibiti joto) ikikata, mapezi yanaendelea kutoa joto. Tafuta yenye swichi ya kujizima ikipinduka, na alama ya UL, ETL au CSA (za kuonyesha imepimwa usalama) kwenye hita yenyewe, si kwenye boksi tu.

Nyumba ikiwa yako, hesabu inabadilika: mwite fundi umeme afunge hita ya ukutani ya volti 240 kwenye laini yake. Breka ya ampea 20 hapo inabeba wati 3,840 bila kuvuka ile asilimia 80.

Ya pili ni ya seramiki yenye feni. Inapasha ndani ya dakika moja na kusukuma hewa, jambo linalosaidia kwenye sakafu ya zege. Ubaya wake ni mlio, na feni kunyonya nyuzi za zulia. Safisha wavu wake kila mwezi.

Ya tatu ni ya miali, inayowaka nyekundu. Inampasha mtu aliyekaa mbele yake, chumba kinabaki baridi. Inafaa mezani pa kazi. Ya kulalia si hiyo. Hita yoyote ikae mita moja kutoka pazia na matandiko.

Za mafuta ya taa na gesi usiziingize kabisa, sembuse jiko la mkaa. Zinatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu, na gesi ya propani ikivuja ni nzito kuliko hewa, hivyo inatuama huko huko chini unakolala.

Ukishaiwasha nusu saa, shika plagi. Uvuguvugu si neno. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, au plastiki imeanza kuwa kahawia, vishikio vya soketi vimelegea: zima, soketi ibadilishwe. Usitumie ekstensheni. Angalia pia juu ya ukuta, pale mbao zinapokalia zege. Upepo ukipenya hapo, ziba kwa povu kwanza.

Bili: wati 1,500 mfululizo kwa saa nane ni yuniti 12. Kwa senti 15 kila yuniti, ni dola 1.80 kwa usiku, na themostati inapunguza.

Usije na hita ya volti 230 kutoka Afrika Mashariki. Kwenye volti 120 itatoa karibu robo tu ya joto lake. Wala usitume hita ya Marekani au Kanada kwenda Mbeya au Limuru: kwenye volti 230 au 240 itavuta wati karibu mara nne na kuungua.